Somo kwa Viongozi wa Matawi: Paka Grisi Kabla ya Kuzama



Somo letu la safari hii lawahusu hasa wenyeviti, makatibu na wajumbe wa kamati za matawi. Hata hivyo yafaa kila mwanachama alisome, kwani asiye kiongozi leo huenda akachaguliwa kesho; tena kila mwenye shamba na watoto ni kiongozi tayari, apende asipende.

Jambo lenyewe ni hili. Kiongozi huchaguliwa kwa makofi na vigelegele. Mwezi wa kwanza mkutano hujaa hata watu wakakaa madirishani. Mwezi wa tatu wamebaki nusu. Mwezi wa sita kiongozi hukaa na katibu wake na watu wanne, na mmoja katika hao wanne amekuja kuomba mkopo. Ndipo moyo wa kiongozi huanza kulegea, akajiuliza: Nafanya kazi hii kwa ajili ya nani?

Swali hilo si dhambi, wala si dalili ya udhaifu. Kila aliyebeba jambo zito amewahi kujiuliza. La muhimu ni kujua la kufanya siku ile swali linapokuja.

YALIYONIPATA MWENYEWE

Mimi niandikaye somo hili nilikuwa katibu wa tawi. Mikarafuu ya wazee katika upande wetu ilikuwa ikifa mmoja mmoja, na pengo halizibwi. Tukakubaliana kuotesha miche 600 katika kitalu kimoja, kila mwanachama apate sehemu yake. Tukapanga zamu za kumwagia maji, tukaandika majina, kila mtu akatia sahihi au dole gumba.

Ukaja wakati wa kaskazi, jua likawa kali, kisima kikapungua maji. Watu wa zamu wakaanza kupungua kama maji ya kisima. Mmoja alikuwa na harusi, mwingine na mgonjwa, mwingine hakusema neno. Nilimwagia peke yangu mpaka mgongo ukakataa. Mwisho wa kaskazi ilibaki hai miche isiyozidi 90. Tulipokutana, wale wale wasiokuja zamu ndio waliosimama kuuliza: "Katibu, miche yetu iko wapi?"

Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya kujiuzulu. Nikaitia mfukoni, nikasema nitaipeleka nikirudi safari, kwani nilikuwa nimealikwa na ndugu yangu aliyekuwa akinunua dagaa huko Ikola.

IKOLA NI WAPI?

Wengi wetu visiwani hatuijui Ikola. Ni mji mdogo wa wavuvi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki, katika Mkoa wa Katavi. Zamani ulikuwa katika Wilaya ya Mpanda; siku hizi wilaya yake yaitwa Tanganyika. Watu wake huvua dagaa na migebuka usiku kwa taa, na asubuhi ufuko wote hung'aa kwa dagaa walioanikwa, kama vile sakafu zetu zinavyokuwa nyekundu kwa karafuu wakati wa msimu. Nilipouona ufuko ule nilijisikia niko nyumbani. Mtu anayeanika hulitazama wingu kwa jicho moja, awe mvuvi au mkulima wa karafuu.

Wala ziwa lile si geni kwetu kama tunavyodhani. Katika karne ya 19, miongoni mwa waliochuma karafuu za visiwa hivi walikuwamo watu walioletwa kwa nguvu kutoka pande za ziwa hilo, wakapita Ujiji na Tabora hata Bagamoyo, wakavushwa bahari. Kwa hiyo tukitafuta somo Ikola, hatuendi ugenini kabisa.

Niliondoka Kigoma kwa meli iitwayo Liemba. Ikola siku zile hapakuwa na gati. Meli ilisimama mbali kidogo na ufuko, ikapiga honi, na mashua zikaja mbio gizani, watu wakashushwa pamoja na mabegi, kuku na magunia. Mzee mmoja mvuvi, rafiki ya ndugu yangu, ndiye aliyenipokea mkono. Kesho yake tulipokaa naye kunywa chai aliniuliza:

"Mwanangu, meli uliyokuja nayo waijua habari yake?"

Nikamjibu, "Siijui, Mzee. Naona tu kwamba ni kuukuu."

Akacheka. "Kuukuu ndiyo, lakini ilikwisha kuzama. Tena ilizamishwa makusudi na wenyewe walioijenga."

Nilidhani ananitania. Baadaye niliitafuta habari hiyo, nikaona mzee alisema kweli.

HABARI YA MELI

Meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen. Ilipokwisha kujengwa ilifunguliwa kipande kipande, ikatiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha ikapelekwa bara kwa reli mpaka Kigoma. Mafundi watatu walisafiri nayo ili waiunge tena, na mkubwa wao alikuwa Anton Rüter. Iliteremshwa majini mwaka 1915, wakati Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imekwisha anza.

Mwaka uliofuata Wabelgiji walikuwa wakija upande wa Kigoma, na Wadachi wakaona hawana budi kuondoka. Mwezi wa Julai 1916 amri ikatolewa kwamba meli izamishwe, isiangukie mikononi mwa adui.

Hebu fikirini, ndugu zangu, hali ya mafundi wale. Kazi ya miaka mitatu, iliyovuka bahari na nchi kavu, waambiwa waizamishe kwa mikono yao. Mtu mwingine angaliivunja kwa hasira, au angaliiacha tu izame na kwenda zake. Wao hawakufanya hivyo. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito, maji yasiile. Kisha wakaizamisha kwa taratibu mahali pasipo na kina kikubwa mno, kusini ya Kigoma, wakitumaini kwamba siku moja itainuliwa.

Baada ya vita Wabelgiji waliiinua, lakini ikazama tena kwa dhoruba. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua. Walipoifungua mitambo waliikuta yaweza kutumika. Ile grisi ilikuwa imefanya kazi yake gizani miaka yote ile. Mwaka 1927 meli ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikawa inapita Kigoma, Ikola, Karema, Kipili na Kasanga mpaka Mpulungu ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ikichukua watu, samaki na mahindi kwa miongo mingi.

Hatuwasifu watu wale kwa vita vyao, maana vita ile iliwaua watu wetu wengi ambao ugomvi haukuwa wao. Twasifu jambo moja tu: siku ya kushindwa walifanya kazi ndogo iliyowezesha kazi kubwa kuanza tena. Na tena si wao waliofaidi. Waliofaidi ni wavuvi wa Ikola na abiria wa Karema ambao mafundi wale hawakupata kuwajua.

MITAMBO YA TAWI NI IPI?

Nilipokuwa ufukoni Ikola nikaitoa ile barua mfukoni, nikajiuliza: Je, mimi nimepaka grisi? Nikaona sikupaka. Nilikuwa nataka kuzamisha na kuondoka.

Ndugu kiongozi, tawi lako likiingia katika wakati mbaya, huenda usiweze kulizuia lisizame kwa muda. Karafuu zaweza kukosekana mwaka mzima. Sote twajua kwamba mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwaka ujao aghalabu hupumzika. Bei yaweza kuanguka. Watu waweza kuchoka. Hayo hayamo mikononi mwako. Lakini iko mitambo minne ambayo yaweza kuhifadhiwa hata wakati wa shida.

Wa kwanza ni daftari. Andika kila mkutano, hata kama mmekuja watatu. Andika miche mingapi ilioteshwa, mingapi ilikufa, na kwa sababu gani. Tawi lenye daftari laweza kuamka baada ya miaka miwili likajua liliishia wapi. Tawi lisilo na daftari huanza upya kila mara, na kila mara hurudia kosa lile lile.

Wa pili ni fedha. Ikiwa hakuna kazi, fedha zisiguswe, na hesabu isomwe mbele ya watu. Watu wakipoteza moyo watarudi. Wakipoteza imani katika sanduku la fedha hawarudi.

Wa tatu ni mbegu na kitalu. Usiache ua wa kitalu uanguke, wala banda la kivuli lisichukuliwe kuni. Kitalu kitupu chenye ua ni ahadi. Kitalu kilichoota magugu ni kaburi.

Wa nne ni watu wachache wanaokuja. Usiwakaripie wanne waliohudhuria kwa sababu ya thelathini ambao hawakuhudhuria. Hilo ni kosa kubwa la viongozi. Washukuru, wape kazi, wafundishe. Hao ndio injini yako.

MGANGA WA KAREMA

Kabla ya kuondoka Ikola nilikwenda Karema, bandari jirani kwenye pwani ile ile ya ziwa. Huko nilisimuliwa habari za mtu mmoja, Adrian Atiman, ambazo zimeandikwa pia vitabuni.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 Afrika ya Magharibi, karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alipokuwa mtoto aliibwa, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Algeria. Huko wamisionari walimkomboa kwa fedha, na baadaye akapelekwa kisiwa cha Malta kusoma uganga wa hospitali. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja Tanganyika, na mwaka 1889 akafika Karema. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa ukingo ule wa ziwa mpaka alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67.

Tazameni hesabu hiyo. Alifika utawala wa Wadachi ukianza, akauona ukiondoka, akaona na wa Waingereza ukikaribia mwisho wake. Bendera zilibadilika, wagonjwa hawakubadilika, waliendelea kuja asubuhi. Maradhi hayakwisha Karema, wala hayajakwisha popote. Kama lengo lake lingalikuwa kuona siku ambayo hakuna mgonjwa, angalikata tamaa mwaka wa kwanza. Bali lengo lake aliligawa siku kwa siku: huyu wa leo atibiwe.

Hapa twajifunza namna ya kutunza moyo wa kiongozi. Lengo kubwa lapasa kuwapo, lakini mtu haishi kwa lengo kubwa, hulemewa nalo. Huishi kwa kazi ya leo ambayo aiona ikikamilika. Mkulima wa karafuu alijua hili tangu zamani. Apandaye mche leo hatarajii kuchuma kabla ya miaka sita au zaidi. Akikaa kuitazama miaka hiyo sita atachoka kabla ya kuchimba shimo. Lakini akisema, "Leo nachimba shimo, kesho natia mbolea, wiki ijayo natengeneza kivuli," miaka hupita bila yeye kuihesabu. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

USING'ANG'ANIE NJIA

Yapasa sasa tuonye jambo moja. Wako viongozi ambao huitwa wavumilivu, kumbe ni wabishi. Uvumilivu ni kulishika lengo. Ubishi ni kuishika njia hata baada ya kuona haifiki.

Turudi kwenye meli yetu. Ile mitambo ya mvuke iliyopakwa grisi mwaka 1916, iliyookoka chini ya maji, haikuachwa humo milele kwa sababu ya heshima. Katika miaka ya 1970 iliondolewa, ikatiwa mitambo ya dizeli. Kazi ya meli ilikuwa kuchukua watu, si kuutukuza mvuke.

Nami nilipotazama kitalu changu kwa jicho hilo niliona kosa lilikuwa langu pia. Kitalu kimoja kikubwa, mbali na nyumba za watu, kisima kimoja, zamu ya watu arobaini: njia ile haikufaa. Nilikuwa nimewalaumu watu kwa kushindwa jambo ambalo nililipanga vibaya. Kiongozi akiona watu wazuri wanashindwa jambo moja mara tatu, asiwapime watu peke yao; aupime na mpango.

ALIYEANGUSHWA NA KIMBUNGA

Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, kimbunga kiliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba haikupata madhara makubwa kama Unguja, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa kikubwa cha karafuu. Hata hivyo mashamba ya Unguja yalipandwa tena. Ni haki tukumbuke kwamba katika siku hizo jembe lilishikwa na watumwa, ambao hawakuulizwa kama wana moyo au hawana. Utumwa ulikuja kufutwa kwa sheria visiwani mwaka 1897. Uvumilivu wa kulazimishwa kwa fimbo hauna sifa kwa aliyeshika fimbo.

Sisi leo hatuna fimbo, wala hatuitaki. Kiongozi wa chama hana askari. Ana maneno yake, mfano wake na daftari lake. Ndiyo maana kazi yake ni ngumu kuliko ya msimamizi wa shamba wa zamani, na ndiyo maana ikifanikiwa ina heshima.

MWISHO WA BARUA YANGU

Niliporudi sikuipeleka ile barua. Nililifungua daftari nikaandika: miche 600, iliyopona 88, sababu tatu. Nikaisoma mkutanoni, na katika sababu tatu niliisoma kwanza ile iliyonihusu mimi. Kisha nikaomba ile 88 igawiwe kwa watu tisa tu waliopenda, kila mmoja aitunze nyuma ya nyumba yake, karibu na maji ya jikoni.

Mwaka ule walikuwa watu tisa. Mwaka wa pili wakawa 17, maana majirani waliona miche kwa macho yao, na macho hushawishi kuliko hotuba. Si miche yote iliyopona. Mingine ililiwa na mbuzi, na mwenye mbuzi tuligombana naye mpaka kwa sheha. Lakini mikarafuu ya mwanzo katika ile imekwisha anza kuzaa.

Mimi si katibu tena. Aliyenipokea ni kijana mmoja katika wale tisa. Siku ya kumkabidhi nilimpa daftari, ufunguo wa sanduku na hesabu yake, na nikamwonyesha ukurasa wa ile miche iliyokufa. Alinishika mkono akasema, "Shikamoo, mzee wangu. Ukurasa huu ndio nitakaousoma kwanza." Nikajua grisi imefika mahali pake.

Ndugu viongozi, msidhani kwamba mwenye kudumu ni yule asiyechoka. Hakuna asiyechoka. Mwenye kudumu ni yule ambaye, siku amechoka kabisa, bado hulifunga daftari vizuri, huhesabu fedha, huufunga mlango wa kitalu, na kumwambia mwenzake mahali alipouweka ufunguo. Huyo hata akizama, kazi yake itainuliwa.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA MKUTANO WA TAWI

1. Tawi letu lina lengo gani ambalo halitatimia kabla ya miaka mitano? Sehemu yake ya msimu huu ni ipi?

2. Katika mitambo minne iliyotajwa, yaani daftari, fedha, kitalu na watu wachache wanaokuja, ni upi ulioshika kutu katika tawi letu?

3. Ni jambo gani ambalo tumeshindwa mara tatu? Je, kosa ni la watu au la mpango?

4. Ikiwa katibu wetu ataugua kesho, nani ajuaye hesabu iko wapi?

Majibu yaandikwe katika daftari la tawi, na yasomwe tena baada ya msimu wa karafuu kwisha. Mchumia juani hulia kivulini.